Tathmini: Kozi ya Siku Moja ya Mbinu za Vikosi Vidogo kwa Wachezaji wa Easofti

Kozi ninayoitathmini hapa hutolewa na uwanja mmoja wa easofti ulio ndani ya msitu katika eneo la Midlands, Uingereza, na inawalenga watu ambao tayari wanaujua mchezo lakini bado kila mmoja hucheza kivyake. Niliihudhuria pamoja na wenzangu watano, watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam tunaoishi huku, ambao tumezoea kwenda uwanjani pamoja na tulitaka kucheza kama kikosi kimoja. Hukumu yangu naitoa mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aipate hapa hapa: sehemu ya asubuhi, inayohusu mwendo wa watu wawili wawili na namna ya kusemezana, ni mafunzo bora kuliko yote niliyowahi kuyaona katika mchezo huu, na peke yake inastahili ada iliyotozwa. Sehemu ya alasiri, inayohusu kuingia majengoni, ilipitishwa haraka mno na inahitaji kupangwa upya. Jina la uwanja silitaji, kwa sababu nina malalamiko ambayo wenye uwanja nimekwisha kuwafikishia wao wenyewe, na pia kwa sababu kozi za namna hii hutolewa kwingi. Ninalotaka ni msomaji awe na kipimo cha kuipimia kozi yoyote atakayotangaziwa.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, easofti ni mashindano ya timu zinazotumia bunduki za mfano zinazofyatua vigololi vya plastiki vyenye kipenyo cha milimita 6 kwa nguvu ya hewa au gesi. Ulianzia Japani, na ukapata kasi kubwa baada ya kampuni ya Tokyo Marui kutoa bunduki yake ya umeme yenye umbo la FA-MAS ya Kifaransa mwaka 1991, kwani tangu hapo mchezaji aliweza kuingia uwanjani na betri ndogo tu bila kuhangaika na mitungi na mipira ya hewa. Kigololi hakipaki rangi. Katika peintiboli rangi humshuhudia aliyepigwa mbele ya watu wote, lakini hapa aliyepigwa hujitangaza mwenyewe, huinua mkono na kuondoka, na mchezo mzima unasimama juu ya uaminifu huo.

Sheria za Uingereza juu ya bunduki hizi ziko wazi, na kozi ilianza nazo. Bunduki inayofyatua mfululizo hairuhusiwi kuzidi jouli 1.3 (jouli ni kipimo cha nguvu ya kigololi kinapotoka mtutuni), na ile inayofyatua kimoja kimoja hairuhusiwi kuzidi jouli 2.5, ikivuka hapo sheria haiihesabu tena kuwa ya easofti. Viwanja vingi hujiwekea kikomo cha chini zaidi, ambacho ni futi 350 kwa sekunde kwa kigololi cha gramu 0.20, yaani takriban jouli 1.14, na ndicho kilichotumika siku hiyo. Kila bunduki ilipimwa kwa kronografu, kifaa cha kupimia mwendo wa kigololi, kabla ya kuingia msituni, zikiwamo za wakufunzi, jambo lililonipendeza. Mgeni asiye na bunduki hukodishiwa hapo hapo. Anayetaka kununua yake yenye sura ya bunduki halisi hutakiwa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006, kuwa na sababu inayotambulika, na wachezaji wengi huithibitisha kwa kusajiliwa katika mfumo wa UKARA, orodha ya wachezaji ambayo wauzaji huitazama, baada ya kucheza angalau mara 3 katika muda usiopungua siku 56.

Sasa niingie katika mafunzo. Kozi nyingi za mbinu hutangazwa kwa kusifu kwamba zinafundisha kama jeshini, na hilo ndilo lililonitia shaka kabla ya kwenda, kwa sababu mbinu za kijeshi zimejengwa juu ya silaha halisi, na kigololi hakifanani na risasi kwa lolote. Kigololi cha gramu 0.20 hutoka mtutuni kwa mita 107 hivi kwa sekunde, kisha hewa hukipunguzia mwendo upesi sana. Kinachokisaidia kufika mbali ni hopapu, kile kipande cha mpira ndani ya bunduki kinachokizungusha kuelekea nyuma ili kielee, na hata kwa msaada huo bunduki ya kawaida huwa na maana hadi umbali wa mita 50 au zaidi kidogo. Kufika huko huchukua sekunde moja au zaidi, muda ambao mtu mwepesi hukiona kikija na kusogea. Tena jani moja tu hukipotosha. Kichaka ambacho askari angekihesabu kuwa maficho yasiyozuia chochote, kwa mchezaji wa easofti ni kinga kamili, mradi kiwe kimeshonana.

Wakufunzi wetu waliyaeleza haya kabla ya zoezi lolote, wakatufyatulia vigololi kupita kwenye matawi ili tuone vinavyoanguka, na hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Walitoa hitimisho mbili ambazo ziliongoza siku nzima. Ya kwanza ni kwamba kumtisha adui kwa kufyatua kwa wingi ili asiinue kichwa hakufanyi kazi vizuri katika mchezo huu, kwa kuwa hakuna mlio wa kutisha na hakuna kifo. Kwa hiyo anayemlinda mwenzake lazima alenge hasa mahali ambapo adui atachungulia, si kunyunyiza vigololi msituni. Ya pili ni kwamba ushindi hupatikana kwa kusogea ubavuni, kwa sababu adui aliye nyuma ya kichaka hapigiki kwa mbele hata ukimaliza magazini yote, yaani chombo chote cha vigololi kinachochomekwa kwenye bunduki.

Zoezi la msingi, lililochukua sehemu kubwa ya asubuhi, lilikuwa la jozi. Mmoja hulinda na mwingine husogea, kisha hubadilishana, kwa zamu zisizogongana, mfano wa watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Maelezo yake ni ya sentensi moja na kila mchezaji anadhani analijua, lakini uzuri wa kozi hii umo katika namna lilivyopandishwa ngazi kwa ngazi. Kwanza tulilifanya bila bunduki, tukitembea tu kati ya miti iliyofungwa utepe, tukiwa na kazi moja: mtu asinyanyue mguu kabla hajamsikia mwenzake akisema yuko tayari. Baadaye tukalifanya na bunduki tupu, kisha kwa kufyatulia vibao vya chuma vinavyolia vikipigwa, na mwishoni dhidi ya watu wawili halisi waliojibanza mbele yetu na kuturudishia. Katika kila ngazi mkufunzi alisimama nyuma, akatusimamisha na kuturudisha mwanzo kosa lilipojirudia, bila kupiga kelele wala kumuaibisha mtu.

Mambo aliyoyasisitiza yalikuwa madogo na yote yalikuwa na sababu. Mbio ziwe za sekunde 3 hadi 5, kipimo ambacho jeshi la Marekani nalo hulifundisha kwa askari wake wa miguu, kwa kuwa baada ya hapo adui huwa amekwisha kukuona, kuinua bunduki na kulenga. Anayesogea achague mahali pa kujibanza kabla hajaondoka alipo, kwani anayechagua akiwa mbioni huishia penye mti mwembamba. Asichungulie mara mbili mahali pale pale na kwa kimo kile kile. Akichungulia akiwa amesimama, mara ya pili apige goti. Jozi iachane kwa mita kadhaa kwa upana, ili adui asiweze kuwalenga wote kwa kugeuza mtutu kidogo tu, na anayesogea asikatize kamwe mbele ya mtutu wa anayemlinda. Mtu akiwa upande wa kushoto wa mti abadilishe bega na kushikilia bunduki kushoto, vinginevyo atalazimika kutoa nusu ya mwili wake nje. Hili la mwisho lilikuwa gumu kwa wote, na nadhani lilistahili muda zaidi kuliko lilivyopewa.

Kuna uamuzi mmoja wa wakufunzi ambao ningependa kila kozi iuige. Walizikusanya magazini zetu kubwa, zile zinazobeba vigololi mia kadhaa, wakatupa zinazobeba 30 tu. Mwanzoni wenzangu walinung'unika. Lakini mtu mwenye vigololi 30 huishiwa katikati ya zoezi, na akiishiwa lazima mwenzake ajue, asimame palepale na kumlinda hadi abadilishe. Kwa hiyo kuna mazungumzo ambayo mwenye magazini kubwa hawezi kamwe kujifunza, kwa sababu hana haja nayo. Kufikia mchana jozi zote tatu zilikuwa zikitangaza kubadilisha magazini kabla ya kumaliza kigololi cha mwisho, wakiwa bado nyuma ya kinga.

Kuhusu kusemezana, kanuni yao ilikuwa kwamba kila tamko lijibiwe. Asemaye anakwenda hajui kama amesikika mpaka aitikiwe, na asipoitikiwa habanduki. Sisi tulifanya yote kwa Kiswahili, "Nakwenda!" na "Nenda!", "Naishiwa!" na "Nakulinda!", na mkufunzi, asiyejua neno hata moja, alikubali mara moja, akasema yeye anasikiliza kama sauti ya pili inafuata ya kwanza, hajali lugha. Alichotutaka ni kuwa na matamko machache yasiyobadilika. Timu yenye matamko ishirini, alituambia, huwa haina hata moja wakati vigololi vinapoanza kuruka.

Katika kutaja alipo adui tulishauriwa kutumia kitu kinachoonekana, kama mti ulioanguka au pipa la bluu, badala ya mtindo wa saa unaopendwa na wengi, ule wa kutaja upande kwa namba za uso wa saa, kwa kuwa saa hutegemea kila mtu anatazama wapi. Kwa kikosi chetu ushauri huo una uzito zaidi: saa tatu tunayoisema sisi mshale wake uko kwenye 9, na mwenzako akigeukia 3, mmoja wenu anatazama kushoto na mwingine kulia. Tumeuacha mtindo wa saa kabisa, na nawasihi wachezaji wengine wanaozungumza Kiswahili wauache pia.

Baada ya jozi yalifuata mazoezi ya watu wanne wanaposhambuliwa ghafla. Kikosi hutembea katika msitu kwa mstari, kila mtu akiwa na upande wake wa kutazama: wa mbele anatazama mbele, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa mwisho nyuma, na umbali kati yao ni ule unaowawezesha kuonana bila kurundikana. Shambulio likitoka, anayeliona kwanza hutaja upande na kufyatua, wengine hujibanza, na kiongozi huamua moja kati ya mawili, kusonga au kurudi. Kusonga ni kule kule kwa jozi: wawili wanawashughulisha maadui kwa mbele na wawili wanazunguka ubavuni. Kurudi ndiko kulikotusisimua zaidi. Wa mbele hufyatua, kisha hugeuka na kukimbia kupitia pembeni mwa mstari hadi nyuma kabisa, na akimpita aliyemfuata humgusa bega. Yule naye hufyatua, hugeuka na kukimbia, na hivyo hivyo, hata kikosi chote kinajikunjua na kutoka mtegoni bila dakika moja kupita pasipo mtu anayefyatua. Kuguswa bega kuna maana yake: katika kelele mtu anaweza asisikie, lakini mkono begani hakosi kuuhisi.

Zoezi hilo lilirudiwa mpaka kila mmoja alishika nafasi zote nne, na hapa ndipo nilipoona tofauti ya wakufunzi wenyewe. Mmoja alikuwa askari zamani na alilijua zoezi kwa ukamilifu. Mwingine ni mchezaji wa miaka mingi asiyepitia jeshi, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa mwalimu bora. Yule wa kwanza alieleza zoezi linavyopaswa kuwa. Huyu wa pili aliona linavyoharibika. Alimwonyesha mwenzetu mmoja kwamba alikuwa akikimbilia upande ule ule ambako wenzake walikuwa wakifyatua, na mwingine kwamba alikuwa akigeuka kuwapa mgongo maadui kabla ya kumaliza kusema. Anayechagua kozi asivutiwe na sifa za kijeshi peke yake. Aulize kama mkufunzi mwenyewe anacheza.

Nilifurahishwa pia kwamba kukiri kupigwa kulifundishwa kama zoezi kamili, wala hakukuachwa kuwa onyo la asubuhi. Jozi zilipopambana na watu halisi, mkufunzi alitaka aliyepigwa apaze sauti, ainue mkono, avae kitambaa chekundu kichwani, na aache kusema chochote, kwa kuwa aliyetoka mchezoni hapaswi kumwelekeza aliyebaki. Mwenzake naye alitakiwa atangaze kwamba jozi imevunjika, ili jozi ya jirani impokee. Kwa njia hiyo uaminifu uliingizwa ndani ya mbinu yenyewe: kikosi ambacho mtu wake anaficha kupigwa kinajinyima taarifa ya kweli juu ya hali yake. Sijawahi kusikia jambo hili likielezwa vizuri namna hiyo.

Alasiri ilikuwa hadithi nyingine. Uwanja una kijiji cha makontena ya mizigo yaliyopangwa kuwa vyumba, vyenye milango, madirisha na ghorofa moja, na kwa macho ni mahali pazuri pa kujifunzia. Tulipofika, kikundi kingine kilikuwa kinasubiri zamu yake, na saa iliyotajwa katika tangazo la kozi ikapunguzwa sana bila maelezo wala kuombwa radhi. Tulifundishwa mambo ya mwanzo, na yalifundishwa sawasawa: usisimame mlangoni, kwa kuwa hapo ndipo kila aliye ndani ameelekeza mtutu, ikate kona kidogo kidogo kutoka nje ukiwa mbali na ukingo wake, ili uione sehemu ya chumba kabla ya chumba kukuona, wa kwanza akiingia kulia, wa pili aende kushoto, na kila mmoja atazame pembe yake kabla ya kutazama katikati. Tulipita chumba kimoja mara chache, tukaambiwa muda umekwisha.

Yaliyobaki hayakuguswa. Ngazi hazikufundishwa, na ghorofa ile ilibaki kuwa pambo. Hatukuelezwa kikosi kifanye nini mlango unapolindwa vizuri, hali inayotokea katika kila mchezo wa majengoni, ambapo watu wanane hujazana ukutani wakisubiri mmoja ajitoe mhanga. Vifaa vya kurusha vinavyotoa mlio au kumwaga vigololi vilikuwa vimetajwa katika tangazo, na hatukuvishika. Ningekubali kabisa kozi isiyo na majengo, yenye msitu kutwa nzima. Kuahidi majengo na kuyapitisha mbio ni kumkosesha mteja alicholipia.

Malalamiko yangu mazito zaidi ni ya usalama. Miwani ya kinga ilikuwa ya lazima na ilisimamiwa kwa ukali unaostahili, na ndani ya makontena tuliruhusiwa kufyatua kimoja kimoja tu. Lakini kinga ya sehemu ya chini ya uso ilipendekezwa tu. Katika chumba cha kontena watu hukutana kwa umbali wa hatua mbili tatu, na kigololi cha umbali huo kina nguvu ya kutosha kuvunja jino. Sisi tulikuwa na barakoa zetu za wavu. Katika kikundi kilichochanganywa nasi kulikuwa na kijana ambaye midomo yake ilikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyemzuia kuingia. Uwanja unaofundisha mapambano ya vyumbani uwe na barakoa za kuazima mlangoni na usimruhusu mtu kuingia bila hiyo. Nimewaandikia hivyo, na naandika hapa pia kwa sababu anayekwenda na mtoto wake wa umri wa shule ana haki ya kulijua jambo hili kabla ya kulipa.

Redio za mkononi zilizungumzwa kwa ufupi. Zile za masafa ya PMR446, zenye nguvu ya nusu wati, hutumika Uingereza bila leseni na zinatosha kwa msitu wa ukubwa ule. Waliokuja na zenye nguvu kubwa zaidi waliombwa wazizime. Ushauri ulikuwa kwamba kikosi cha watu wanne hakihitaji redio kwa kila mtu, kwa kuwa jozi huzungumza kwa mdomo na ishara za mkono, na redio hubaki kwa kiongozi anayewasiliana na vikosi vingine. Ninakubaliana nao. Kifaa cha sikioni humfanya mtu asimsikie aliye mita tano kutoka kwake.

Ada ilikuwa karibu mara mbili ya kiingilio cha siku ya kawaida ya mchezo, ambacho katika viwanja vingi vya Uingereza huwa kati ya pauni 25 na 40. Ilijumuisha vigololi vya kuoza, ambavyo viwanja vya msituni huvitaka ili plastiki isibaki ardhini, pamoja na chai na chakula cha mchana. Chakula kilikuwa soseji ndani ya mkate, bila maelezo kama ni halali au la, kwa hiyo Waislamu wabebe chao kama sisi tulivyofanya. Nililowashukuru ni kwamba tulipoeleza mapema juu ya sala ya adhuhuri, mapumziko yalipangwa kuendana nayo na tulipewa hema safi. Vyoo vilikuwa vya kuhamishika na vilitunzwa. Njia za msitu zina tope zito hata mvua ikiwa imekatika, na aliyekuja na raba za kawaida aliteleza siku nzima. Viatu vya kupanda milima vinavyoshika vifundo vya miguu ndivyo vinavyofaa.

Thamani ya kozi kama hii huonekana baadaye, katika kile ambacho kikosi kinaweza kukiendeleza chenyewe, na mazoezi ya asubuhi yana sifa hiyo kwa sababu hayahitaji uwanja wala bunduki. Tunayafanya katika ukumbi wa jumuiya tunaoukodi jioni, viti vikiwa ndiyo miti na mipini ya fagio ikiwa ndiyo bunduki, tukirudia kusogea na kuitikiana mpaka miguu isubiri sauti bila kukumbushwa. Tofauti uwanjani ni kubwa: tunatoka kwenye mapambano ambayo zamani yalituvunja, na wageni wanaopangwa upande wetu huanza wenyewe kuitikia. Nawaonya wanaoishi Uingereza wasiyafanye mazoezi haya bustanini kwa bunduki za mfano. Kubeba bunduki ya mfano mahali pa hadhara bila sababu halali ni kosa la jinai, na anayeiona kwa mbali akapiga simu polisi hana njia ya kujua kuwa ni plastiki. Kijana mweusi asijiweke katika hali hiyo hata kwa dakika moja. Bunduki isafiri ndani ya mkoba uliofungwa, katika buti la gari, hadi uwanjani.

Ndugu walioko nyumbani wameniuliza kama mafunzo haya yana faida kwao. Wanaocheza peintiboli, kama inavyochezwa Nairobi, wanaweza kuyatumia mazoezi ya jozi bila kubadilisha chochote cha maana, isipokuwa wakumbuke kwamba tufe la rangi lina kipenyo cha milimita 17 hivi na halifiki mbali kama kigololi chenye hopapu, hivyo umbali wote upunguzwe na kuzunguka ubavuni kuanze mapema zaidi. Anayefikiria kuagiza bunduki za easofti kutoka nje aanze kwa kuuliza polisi na forodha wa nchi yake kwa maandishi, kwa kuwa kitu chenye sura ya bunduki halisi kinaweza kumletea matatizo makubwa bandarini hata kama kinafyatua plastiki.

Kozi hii naipendekeza kwa kikosi cha watu wanne hadi wanane wanaojuana na wanaokusudia kuendelea kucheza pamoja. Mtu mmoja mmoja atapangwa na wageni, atajifunza, lakini hatakuwa na wa kurudia naye mazoezi juma linalofuata. Kwa asiyewahi kucheza kabisa ningesema acheze kwanza siku kadhaa za kawaida, maana zoezi la kubadilisha magazini halina maana kwa mtu ambaye bado anahangaika na kifyatuo. Wanaojiandikisha waombe kwa maandishi, kabla ya kulipa, wathibitishiwe ni muda gani watakuwa ndani ya makontena na kama kuna kikundi kingine siku hiyo. Waulize ni mkufunzi yupi atakayewashika. Wabebe barakoa ya chini ya uso, betri mbili zilizochajiwa na glavu. Na wakiambiwa waache magazini zao kubwa mezani, waziache.